Deolinda Furtado, 1894–1962: Zinia, Ubao wa Msonobari na Kijiko cha Mama

Marehemu Deolinda Rosária Furtado, ambaye ninyi nyote mlimwita Dida, alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Machi 1894 hapa hapa Provincetown, katika nyumba ya Mtaa wa Conant ambayo leo ina mlango wa kijani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Baltazar Avelar, mvuvi wa chewa, na mkewe Rosária. Mama alikuja kutoka Pico, kisiwa cha Wareno, mwaka 1891 na sanduku moja, na ndani ya sanduku mlikuwa na shuka mbili, picha ya Bikira Maria na kijiko kikubwa cha fedha cha kukorogea wali wa maziwa. Hicho kijiko mkikumbuke, maana nitakirudia.

Mimi, Hermínia, nilizaliwa miaka miwili baada yake. Kwa hiyo maisha ya marehemu nimeyaona yote, isipokuwa miaka miwili ya mwanzo, na hata hiyo nimesimuliwa mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nguo zake zilinifikia zikiwa zimepauka. Viatu vyake vilinifikia vikiwa vimeshika umbo la vidole vyake.

Marehemu alipata elimu yake katika shule ya mji iliyokuwa kilimani, kuanzia mwaka 1900 hadi Juni 1908 alipoacha akiwa na miaka kumi na minne, kama walivyoacha wasichana wengi wa nyumba za wavuvi. Mwalimu wake aliusifu mwandiko wake. Hesabu zilimpiga chenga kabisa. Mwaka wake wa mwisho zile hesabu nilizifanya mimi, ingawa nilikuwa madarasa mawili nyuma yake, na siku ya kufunga shule yeye ndiye aliyepewa zawadi, sanduku la penseli lenye kufuli. Nalitaja kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ufunguo sikuwahi kuushika.

Baada ya shule aliajiriwa kwenye ghala la barafu, akiandika majina ya wanunuzi kwa brashi juu ya masanduku ya samaki. Majira ya kiangazi tulifanya kazi ya usafi katika nyumba za wachoraji waliokuja na treni kutoka miji mikubwa. Vita vilipoanza Ulaya, wale waliozoea kwenda Paris walikosa pa kwenda wakaja kwetu, na mmoja wao alikuwa Bi Winifred Lathrop wa Philadelphia. Huyu tulimhudumia kwa zamu: Jumatatu Dida, Alhamisi mimi.

Alhamisi tarehe 8 Julai 1915 ilikuwa zamu yangu. Jino lilikuwa limenivimbisha shavu, nikabaki nyumbani nimefungwa kitambaa, na Dida akaenda badala yangu. Juu ya meza ya Bi Lathrop alikuta ubao wa msonobari uliochongwa maua ya petunia, umejaa rangi. Dada yangu, kwa kuwa alikwenda kufanya usafi, aliuchukua akausugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka ukawa mweupe kama sahani. Bi Lathrop akaingia.

"Nani amekwambia uuoshe huu?"

"Ulikuwa mchafu, Bi. Rangi tupu."

"Hiyo rangi ndiyo kazi yenyewe."

"Basi niirudishe?"

"Haya, irudishe."

Akairudisha. Ila petunia ambazo Bi Lathrop alizipaka zambarau, Dida alizipaka kahawia, rangi ya mafuta ya ini la samaki, na meza iliyochongwa chini yake akaipaka waridi, kwa sababu, alivyosema mwenyewe baadaye, ndizo rangi zilizokuwa karibu na mkono. Bi Lathrop alitazama, kisha akampa ubao mwingine na kisu. Hivyo ndivyo marehemu alivyoingia kwenye sanaa, katika zamu yangu, kwa jino langu.

Wengi wenu kazi ile mmeiona kwenye madirisha ya maduka ya Mtaa wa Commercial, ila watoto pengine hawajui inavyofanyika. Ubao ni mmoja tu. Unachora maua yako juu yake, halafu kwa kisu unachimba mfereji mwembamba kuzunguka kila umbo. Karatasi unaibana kwa pini kwenye ukingo mmoja wa ubao, ili ifunguke na kufungwa kama ukurasa wa kitabu. Unapaka rangi ya maji kwenye petali moja, unafunga karatasi, unasugua kwa nyuma kwa kijiko, unafungua, unapaka petali nyingine. Mfereji haupokei rangi, kwa hiyo kila umbo linabaki limezungukwa na mstari mweupe. Picha moja yaweza kula siku nzima, na ukirudia ubao uleule kesho hupati picha ileile.

Bi Lathrop alimfundisha asichore ua kama lilivyo kwenye katalogi ya mbegu. "Acha kuhesabu petali," alimwambia. "Tazama nafasi iliyopo kati ya petali na petali, chonga hiyo." Alimfundisha pia kuiinua meza mpaka isimame kama ukuta, na kulionyesha jagi kutoka juu na kutoka ubavuni kwa wakati mmoja. Dida alinifundisha haya yote kwenye meza ya jikoni ndani ya wiki tatu. Nilichonga vizuri, hata yeye alikubali. Mifereji yangu ilikuwa imenyooka kuliko yake. Shida yangu ilikuja kwenye kusugua: rangi ilihama, ikaingia kwenye mifereji, na mistari myeupe ikazama.

Yeye alikuwa anatumia kijiko cha mama. Alikipata Februari 1917. Nilikuwepo, nikimenya viazi kwa ajili ya supu.

"Mama, naomba kile kijiko chako cha fedha," Dida akasema, kama anayeomba chumvi. "Kina tumbo zuri."

"Chukua," mama akasema.

Nikaacha kumenya. Mama akaniona uso.

"Vipi, Minia, na wewe ulikitaka?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?"

Nikachukua kiazi kingine. Yeye aliomba. Mimi nilingoja nipewe. Nilitumia kijiko cha mbao, kisha kishikio cha mlango, kisha mfupa wa ng'ombe niliousugua kwa msasa, na kila mstari mweupe ulipozama nilikitazama kijiko mkononi mwake, nikajua alipo mchawi wangu.

"Niazime siku moja tu," nikamwambia.

"Hiki hakiazimwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kosa lako si kijiko. Unapaka rangi kama unamwagilia bustani."

Sikusema naye kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alikuja kuomba maua yangu ya zinia, nikampa.

Maana jambo hili gazetini hamkulisoma: maua yote ya marehemu yalitoka kwangu. Petunia, zinia, dalia, yote niliyapanda mimi nyuma ya nyumba ya mama, kwenye mchanga huu usiotaka kuotesha kitu, kwa mbolea ya vichwa vya samaki. Dida hakuweza kutunza hata mnanaa. Aliyachukua asubuhi, akayaweka kwenye jagi la bluu bila maji, akachora, na jioni yakawa yamelala. Mwaka 1922 alichonga ubao aliouita Zinia na Jagi la Bluu, ule uliomfanya ajulikane. Mama alipoonyeshwa picha ya kwanza aliishika mbali, akaisogeza, akaishika mbali tena.

"Meza umeiinua hivi kwa nini? Jagi litaanguka."

"Halianguki, mama. Ni karatasi."

"Na maji yake?"

"Halina maji."

"Hilo naliona. Maua ya mwanangu Minia yanakufa kwa kiu humo."

Siku hiyo nilimpenda mama kupita kiasi. Lakini picha ilikwenda New York mwaka 1926, na mtu mmoja akaandika kwenye gazeti kwamba maua ya Bi Furtado ni maua yanayofikiri, na kwamba kila mstari mweupe ni pumzi. Mwaka 1931 jumba moja la sanaa mjini Boston lilinunua zinia zile. Nilisafiri na marehemu kwenda kuziona zimetundikwa. Watu waliovaa vizuri walisimama mbele ya picha. Mwanamke mmoja akamuuliza Dida maua yale aliyatoa wapi, na Dida akasema, "Kwa mdogo wangu, huyu hapa," akanisukuma mbele. Yule mwanamke akanishika mkono, akarudi kuzungumza na Dida. Kwa wivu nilisusa chakula cha mchana, na sandwichi yangu akaila yeye.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1919 katika kanisa letu na Anselmo Furtado, fundi seremala wa mashua. Anselmo nilimwona mimi kwanza. Tulicheza pamoja mara mbili kwenye karamu ya kanisa ya mwezi Juni, akaahidi kunirandia ubao wa msonobari usio na vifundo, akauleta nyumbani kama alivyoahidi. Mimi nilikuwa bustanini. Mlango ulifunguliwa na Dida. Sitasema zaidi, ila ubao niliupata, na ulikuwa mzuri. Walijaliwa watoto wawili, Laurinda mwaka 1921 na Virgilio mwaka 1924. Ilikuwa ndoa njema ya miaka thelathini na minne, hadi Anselmo alipotutoka mwaka 1953. Aliturandia mbao sote wawili hadi mwisho, na kwa haki niseme kwamba zangu hazikuwahi kuwa mbaya kuliko zake.

Mimi nilibaki na mama mpaka alipofariki mwaka 1938. Kila Jumapili nilimpikia wali wa maziwa wenye mdalasini, nikiukoroga kwa kijiko cha bati.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 1958, mikono ilipoanza kutetemeka. Mwaka 1960 aliacha kuchonga, na Agosti mwaka huu moyo ukamlaza kitandani. Nilihamia kwake nikamuuguza. Tuligombana kila siku, kuhusu dirisha, kuhusu supu ya sukuma wiki ambayo alisema naitia maji mengi, kuhusu mwaka ambao paka wetu alikufa. Jumapili moja ya Septemba nilikuwa namsuka nywele, akasema:

"Minia, kijiko cha mama nizikwe nacho."

Nikasimamisha mkono. "Unakwenda kukorogea nini huko?"

"Nizikwe nacho. Usikijaribu hata mara moja."

"Miaka arobaini na mitano, Dida. Hata ukiwa maiti huniazimi?"

"Siazimi. Endelea kunikasirikia mimi, ni afadhali."

"Afadhali kwa nani?"

"Suka nywele, Minia. Unanivuta."

Deolinda Furtado aliaga dunia Jumapili tarehe 14 Oktoba 1962, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Kengele ya misa ilikuwa inalia. Mimi nilikuwa nabadilisha maji ya dalia kando ya kitanda chake.

Marehemu ameacha binti, Laurinda Costa wa hapa mjini, na mumewe, mwana, Virgilio, wa Fall River, na mkewe, wajukuu watano, mbao thelathini na moja zilizochongwa, na mdogo wake mmoja, Hermínia Avelar, aliyeandika haya. Ombi lake la mwisho kuhusu kijiko litatimizwa.

Karatasi mliyoshika inaishia hapo. Mnaofuatilia kwa kidole mnaweza kuikunja. Niliikabidhi kwa Laurinda Jumanne asubuhi aipeleke kwa mpiga chapa, naye aliisoma amesimama mlangoni na koti lake mwilini.

"Mama mdogo," akaniambia, "huu ni wasifu wa mama au wako?"

"Wa mama yako. Ila mimi nimo ndani."

"Umo mpaka kwenye meno."

"Futa unachotaka."

Hakufuta. Alitoa kijiko kwenye mkoba, kimefungwa kwenye leso, akaniwekea kiganjani. "Mama alisema kiwekwe. Weka wewe, mama mdogo. Mimi nitalia."

Kwa hiyo tangu Jumanne kijiko ninacho. Yanayofuata nimeyaandika jana, Jumatano, na hakuna aliyeyasoma.

Jana asubuhi nilitakiwa kwenda kukiweka. Jeneza lilikuwa bado wazi. Nikavaa kofia, nikafika kwenye lango la bustani, nikaona dalia za mwisho ambazo baridi haijazipiga, nikarudi ndani. Nina ubao wa dalia niliouchonga kiangazi hiki, na sioni haya kusema kwamba ni ubao wangu bora kuliko zote. Meza imesimama kama ukuta. Jagi linaonekana juu na ubavuni. Sikuhesabu petali hata moja. Nikabana karatasi kwa pini, nikachanganya rangi, nikakifungua kijiko kwenye leso.

Ni kizuri. Nilikuwa sijakishika tangu utotoni. Tumbo lake limelika upande mmoja na limekuwa bapa, na kinakaa mkononi kama kimengoja. Nikasema moyoni, sasa tutaona, Dida. Nina miaka sitini na sita, na ndani ya saa moja nitajua ningekuwa nani.

Nikapaka petali ya kwanza. Nikafunga karatasi, nikasugua, nikafungua.

Rangi ilikuwa imehama. Mstari mweupe ulikuwa umezama, palepale unapozama siku zote. Nikapaka ya pili kwa uangalifu, ya tatu kwa uangalifu zaidi, na nilipofika ya nane nikatazama brashi yangu, nikaona tone la maji likining'inia kwenye ncha yake. Nililiona kwa macho yangu. Miaka arobaini na mitano nilikuwa natazama mkono wake, na brashi yangu mwenyewe sikuwahi kuitazama.

Kijiko hakina kosa. Nilikaa chini jikoni na kofia yangu kichwani.

Halafu nikakumbuka ile Jumapili ya nywele, na maneno niliyoyaandika kule juu bila kuyaelewa. Endelea kunikasirikia mimi, ni afadhali. Dida alijua. Alijua tangu 1917 kwamba siku nitakayokishika kijiko hiki nitabaki bila kisingizio, na kwa muda wote huo alikubali aonekane dada mchoyo, kwangu, kwa mama, na kwa nusu ya watu waliosimama hapa kaburini, maana niliwaambia ninyi nyote, tena zaidi ya mara moja. Alitaka kwenda nacho kaburini ili mimi nibaki na hasira yangu nzima. Ukweli aliniambia mara moja tu, nikamnunia siku kumi na moja, hakurudia tena. Akachagua kuchukiwa kidogo.

Mtaniuliza kama sasa wivu umekwisha. Haujaisha. Zinia zile nilizipanda mimi, na Anselmo nilimwona kwanza, na jino lilikuwa langu. Ila nilikuwa nimejipa moyo kwamba dada yangu alinishinda kwa mkono tu, na kwa moyo nilikuwa mbele mimi, niliyemlea mama, niliyempa maua, niliyemuuguza. Jana nimejua kwamba hata hapo alinipita, tena kimyakimya, bila gazeti. Hilo ndilo linaloniuma kuliko New York.

Jeneza limekwisha kufungwa, kosa ni langu, kwa hiyo kijiko kitalala juu ya kifuniko. Nimekifunga tena kwenye leso. Pamoja nacho naweka ile picha ya dalia niliyoiharibu jana, ili aione, acheke. Nimeitia sahihi.

Padri, niko tayari. Laurinda, nishike mkono, hapa pana mchanga unaoteleza. Dida, pumzika. Kijiko hiki sikuazimi, ni chako. Kesho asubuhi nitajaribu tena kwa kile cha mbao, na brashi nitaikamua kwanza.